Mwalimu Nukta na Daftari la Mkono wa Kushoto

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu na mshona mashuka wa hospitali. Herufi zake za kwanza alizisoma kwenye maboksi ya viatu, akiwa amekaa chini ya meza ya baba yake.

Alianza shule mwaka 1958. Daftari lake la kwanza lilijaa alama za X nyekundu, akaona haya, akalificha ndani ya buti la mteja. Mteja alilirudisha. Alihitimu ualimu Novemba 1972.

Kwa miaka thelathini na nane alifundisha darasa la kwanza, chumba kilekile cha mwisho, karibu na vyoo. Mtoto aliandika kwanza kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Penseli ilisubiri, maana haraka haraka haina baraka. X hakuweka hata siku moja. Palipokuwa na kosa aliweka nukta ndogo pembeni ya mstari, kisha akakaa na mtoto mpaka alione mwenyewe. Ndipo akaitwa Mwalimu Nukta. Mkuu wa shule aliwahi kumlalamikia kwamba kuna mtoto ana makosa saba na hajakosolewa. Alimjibu, "Mwite umuulize." Mtoto akaonyesha manane.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 1976 na dereva wa lori, ambaye barua zake za uchumba zilimrudia zote zikiwa na nukta. Baba yetu alikuwa akisema alioa ili apumzike kuandika. Baba alitangulia mwaka 2009.

Tarehe 2 Mei 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Aliniagiza mimi, kitinda mimba wake, nimnunulie daftari la mistari mipana, ajifunze upya kwa mkono wa kushoto. Kila jioni nilimsahihishia mstari mmoja. Jumanne tarehe 19 Septemba nilirudi kazini nimechoka. Herufi zilikuwa zimelaliana, hazisomeki. Nikaweka X, tena kubwa.

Aliitazama. "Haya, mwanangu," alisema, akafunga daftari.

Alifariki Ijumaa tarehe 22, saa nne asubuhi, nikiwa kazini.

Daftari tulilikuta chini ya mto. Chini ya ile X alikuwa amerudia mstari uleule mara nne: Leo nimeamka salama. Wa nne hauna kosa. Ndugu zangu walinishauri sehemu hii isichapwe. Nimeiacha ibaki humu. Naona aibu, na kulia bado sijalia. Nasoma tu kama ilivyoandikwa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mmoja, na wote aliowashika kidole juu ya sinia, ambao wengine wamebeba jeneza hili.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, nilifungua daftari lile, nikaweka nukta pembeni ya X yangu.

Lala kwa amani, mama. Kosa nimeliona mwenyewe.