Sanda ya Mtihani Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa mjini Tabora, asifiwe kwetu Ntalikwa, asifiwe kufuata reli mpaka Kaliua na wenzangu wa stesheni ya kule waitikie amina! Mzee wa kanisa ameniomba niuandike ushuhuda huu badala ya kuusema, maana ananijua: nikisimama, watu watakosa chakula cha mchana. Nimetii. Ila karatasi alizonipa ni chache, kwa hiyo msishangae mkiona maneno yamebanana kama abiria wa daraja la tatu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Elia Maganga, mwandika mizigo pale stesheni. Mchana naandika magunia ya karanga na madebe ya asali. Jioni, kwa miaka minne, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya usiku ya watu wazima katika darasa la misheni. Nilisoma, ndugu zangu! Nilisoma mpaka taa ya karabai ikachoka kabla yangu. Nilikariri mito ya Ulaya kwa sauti kubwa hata mbuzi wa mama wakawa wanaijua, na nina hakika beberu yule mweusi angefaulu Jiografia kama angeruhusiwa kuingia chumbani.

Nilipomaliza, mwalimu wetu akaniambia nijaribu mtihani wa kuingia chuo kikubwa cha kule Uganda, kile kinachochukua vijana wachache tu kutoka Tanganyika nzima. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye akili hufanya mtihani kwanza, kisha akaaga watu. Mimi niliaga kwanza! Mama aliuza karanga zake akaninunulia sanduku la bati. Nilikwenda mpaka Lusu, huko Nzega, kumuaga shangazi, naye akanichinjia jogoo. Niliaga stesheni, niliaga sokoni, niliaga hata watu wasionijua.

Barua ikaja. Niliifungua nyuma ya ghala la mizigo, peke yangu. Mstari wa kwanza ulisema wakubwa wa mtihani wanasikitika. Ndugu zangu, sikusoma mstari wa pili. Niliikunja, nikaipeleka nyumbani, nikaifungia ndani ya lile sanduku la bati. Sanduku la safari likawa kaburi.

Tangu siku hiyo nilikuwa mfungwa bila pingu. Nilitoka kazini nikapitia katikati ya mashamba ya mihogo ili nisikutane na mtu, mpaka mihogo ikanizoea ikawa inanipisha. Kanisani nilikuja nimechelewa na kuondoka kabla ya baraka. Watu nao waliniheshimu kupita kiasi. Wakinikuta njiani walinyamaza. Walimpa mama pole kwa sauti ya chini kama wanaotoka msibani. Mama yangu, ambaye kicheko chake husikika ng'ambo ya mto, akaacha kucheka. Alikuwa akilipangusa vumbi lile sanduku kila asubuhi, bila kuniuliza neno.

Ndipo mwalimu akaniletea fomu ya kurudia mtihani. Akasema, "Elia, ijaze. Lazima niwe nayo Jumamosi kabla ya saa sita mchana, iondoke na treni. Ikipita hapo, basi tena." Akataka kuiona barua yangu, nikamwambia siikumbuki nilikoiweka. Mungu anisamehe! Nikampa sababu nyingi nzuri: mama amezeeka, kazi ni nyingi, mvua zinakuja, macho yananiuma. Lakini kweli yenyewe ilikuwa moja tu. Niliogopa kushindwa mara ya pili, watu wote wakiwa wanatazama, wakanicheka. Nikamwomba Bwana usiku na mchana aniondolee aibu ile. Nilitazamia ndoto, au sauti kutoka mawinguni. Sikupata hata kwikwi.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya fomu kufungwa, nilikuwa uani kwa mama nikipukuchua mahindi. Nikasikia ngoma. Halafu kilio. Kilio cha msiba kabisa, "Uwiii! Uwiii!" kikija njiani. Nikasimama nikidhani jirani amefiwa. Kumbe ni Mzee Kibwana, fundi cherehani wa sokoni, Mzaramo, mtani wangu! Nyuma yake Wazaramo wenzake watatu wenye majembe, na nyuma yao nusu ya Ntalikwa.

Mnaujua utani wetu na watu wale, tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na misafara kwenda pwani. Mnajua pia kwamba kwenye msiba mtani ndiye mwenye amri. Anachimba, anaiga mwendo wa marehemu, anamcheka mbele ya jeneza, na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mfiwa! Tumesikia marehemu Mtihani amefariki zamani na hamjatuita watani kuja kuzika. Mnakaa na maiti ndani ya nyumba? Itoeni!"

"Mzee Kibwana, tafadhali..."

"Hakuna tafadhali msibani! Mama Elia, maiti iko wapi?"

Na mama, ndugu zangu, mama yangu mzazi, akanyoosha kidole akaonyesha lile sanduku!

Wakaitoa barua. Kibwana alikuja na kipande cheupe cha kitambaa cha amerikani, akaivika sanda, akailaza juu ya ungo. Wenzake wakaanza kuchimba karibu na zizi. Kisha akavaa koti langu, akabana vitabu vyangu kwapani, akaanza kuniiga. Akanyata kando ya ua kama mwizi wa kuku, akajificha nyuma ya mtama, akachungulia. Alipomwona mtoto wa miaka miwili akashtuka, akakimbia. Watu walianguka! Hata bibi wa jirani, asiyeona vizuri, alicheka kwa kusimuliwa.

"Babu zenu," akanifokea, "walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hii mpaka baharini, miezi mitatu, simba huku, kiu huku. Wewe umeshindwa kubeba karatasi!"

Ulimi wangu ukafunguka wenyewe. "Na babu zako walikaa kivulini wakiwangoja wetu wafike wawadai hongo ya kupita njia!"

"Enhe! Kumbe mfiwa ana mdomo!"

Hapo mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye majivu ya jiko. Nami nikacheka, machozi yananitoka. Ndugu zangu, jambo nililoliogopa kuliko simba lilikuwa limenipata lote kwa mara moja. Kijiji kizima kilikuwa kinanicheka. Na mimi nilikuwa mzima! Nilijigusa mikono, nikajigusa kichwa. Mzima kabisa! Ule mzigo uliokuwa shingoni mwangu ulishuka, na nadhani ulitikisa ardhi mpaka Igunga.

Lakini hawakuwa wamemaliza. Kibwana akaweka mkono kwenye ungo. "Hatuziki bila wasifu wa marehemu. Mimi Kizungu chenu sikijui. Mfiwa, soma!"

Nikaitoa barua ndani ya sanda. Nikaanza na mstari ule wa kusikitika, nikiufasiri kwa Kiswahili. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikasoma wa pili. Hesabu, amefaulu. Jiografia, amefaulu vizuri. Historia, amefaulu. Kiingereza, hakufikia kiasi kinachotakiwa. Na chini kabisa: anaweza kurudia.

Kibwana akawageukia wachimbaji. "Ninyi, acheni majembe. Huyu marehemu ana mikono mizima, miguu mizima, tumbo zima. Ana jino bovu. Mtu wa jino bovu mnamzika?" Kisha akaja karibu yangu, na safari hii hakuwa anacheza. "Mtani, ni wewe wa kusema. Tuzike, au tusizike?"

Nililitazama shimo. Nikamtazama mama, kanga yake imejaa majivu. Nilijua nikisema tusizike, wote wale watakuwa mashahidi, na nikianguka tena wataona. Nikajibu kwa sauti ambayo hata mhudumu wa treni angeisikia. "Msizike!"

Vigelegele! Na Wazaramo wale hawakuondoka mpaka walipopewa kuku wao wa msiba, ingawa maiti ilikuwa imefufuka. Nilibishana nao nikashindwa.

Jumamosi nilipanda baiskeli na fomu yangu. Mwalimu aliipokea mapema sana, maana nilikuwa nimeketi mlangoni kwake kabla hajanawa uso. Ile sanda Kibwana aliirudisha dukani kwake, akaishona shati. "Nguo ya maiti haikai bure," akasema. Ndilo shati nililovaa siku ya mtihani wa pili, na ndilo mnaloniona nalo kila Jumapili, hapa kiti cha mbele, tangu mwanzo wa ibada hadi baraka.

Mzee mmoja aliniuliza kama si dhambi Mkristo kukombolewa na ngoma ya watani. Nikamwambia, baba, mimi nilimwomba Bwana aniondolee aibu, sikumchagulia mjumbe. Wengine wameniambia ningoje matokeo ndipo nishuhudie. Nimekataa! Matokeo hayajaja, nami nimekwisha kufunguliwa. Ninamshukuru Mungu aliyesikia, mama aliyenyoosha kidole, mwalimu aliyeniletea fomu, na Mzaramo yule asiyejua hata herufi moja, aliyenifanya nisome mpaka mwisho.

Basi, ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyekunja jambo lako ukalifungia sandukuni, mtumaini Bwana. Litoe. Lisome mbele ya watu wanaokupenda, nao wakicheka, cheka nao. Yeye hakuachi hapo.

Mimi barua yangu ikija sitaifungulia nyuma ya ghala. Nitaifungulia uani kwa mama, watu wote wamekaa. Kibwana ameshaniambia kwamba iwe nzuri, iwe mbaya, yeye anadai kuku. Kuku tayari amefungwa mguu, ndugu zangu. Karibuni nyote.