Garland Hoyt Pruitt na Viti Vinne vya Kona ya Nne

Garland Hoyt Pruitt, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1946, nyumbani kwa wazazi wake katika barabara ya Sandy Fork, nje kidogo ya mji wa Tarrow, North Carolina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Hoyt Pruitt na marehemu Ila Mae Pruitt. Mtoto wa pili, na wa mwisho, ni mimi Retha ninayewasomea. Dwayne, mwana wa marehemu, alitaka wasifu huu uwe nusu ukurasa ili tuwahi makaburini kabla ya mvua. Nikamwambia baba yako kaishi miaka sabini na mitatu, mvua itasubiri.

Alianza masomo katika Shule ya Sandy Fork mwaka 1952, akamaliza sekondari ya kaunti mwezi Juni 1964. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa hesabu alimwandikia mama barua kwamba kijana huyu anajua kugawanya pale tu kinachogawanywa ni mwendo wa gari. Lawama hiyo ni ya baba. Yeye ndiye aliyempeleka kwenye mbio za magari pale Cutler Ridge mwaka 1955, enzi hizo uwanja ukiwa bado wa udongo mwekundu mtupu, na Garland akarudi nyumbani mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Mama alimwogesha mara mbili, na bado shuka lilichafuka.

Oktoba 1964 aliajiriwa katika kiwanda cha soksi cha Blevens. Mwaka 1966 aliitwa jeshini, akatumikia miaka miwili Ujerumani akitengeneza malori, na aliporudi kiwandani akapewa kazi ya fundi wa mashine za kufuma. Aliifanya hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2003. Wenzake wanasimulia kwamba alikuwa akipita katikati ya mashine mia mbili zinazopiga kelele, anasimama mbele ya moja na kusema, "Huyu kesho atakufa." Kesho yake inakufa kweli. Baada ya hapo alitengeneza mabasi ya shule ya kaunti mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Alifunga ndoa na Nolene Estep Jumamosi tarehe 21 Juni 1969, katika kanisa hili hili la Baptist la Sandy Fork. Walijuana uwanjani. Zamani hizo hakukuwa na kompyuta ya kuhesabu mizunguko. Kila timu ilikuwa na mtu wake wa kukaa na saa, karatasi na penseli, na gari lao likipita anaandika, likipita anaandika, mara mia nne bila kuinua kichwa. Nolene alikuwa mwandishi wa gari la mjomba wake. Garland akamsogelea katikati ya mashindano na kumuuliza kama angependa karanga za kuchemsha. Nolene akainua kichwa.

"We bwana! Umenikosesha mzunguko!"

"Mmoja tu, dada. Andika, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Toka hapa!"

Hakuuandika. Mjomba, aliyestahili kuwa wa saba, akatangazwa wa nane, na mpaka siku ya harusi alikuwa akimwita Garland "yule wa karanga". Mungu aliwajalia watoto wawili, Dwayne mwaka 1971 na Marcella mwaka 1974.

Sasa nafika kwenye viti, na najua wengi wenu mmekaa mkivisubiri.

Mwaka 1978 marehemu alichukua viti vinne Cutler Ridge, mstari wa ishirini na saba, namba tano hadi nane, kwenye kona ya nne. Kwetu kiti cha uwanjani ni mali ya ukoo. Fomu inaletwa na posta kila mwaka, ukiirudisha kabla ya tarehe mosi Novemba kiti kinabaki chako, na watu wazima wenye akili zao huviandika kwenye wosia pamoja na nyumba na bunduki. Viti vyetu vilikuwa kwa jina la Garland. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, tulikaa pale: yeye, mimi pembeni yake, Nolene na Dwayne. Nolene magoti yalipomshinda, na Dwayne alipohamia Raleigh, viti viwili vikawa vya kuwekea makoti na chupa za chai. Tukabaki mimi na kaka yangu, kila mtu na hedifoni zake masikioni, zile za kusikiliza madereva wakizungumza na timu zao, mpaka vuli ya mwaka 2012.

Aprili 2013 tiketi hazikuja. Nikapiga simu ofisi ya uwanja, binti mmoja mpole akaniambia kwamba mstari wa ishirini na saba sasa una familia kutoka Ohio. Nikaendesha hadi kwa marehemu, nikamkuta bustanini akichimbia miti ya kuegemezea maharage.

"Kaka, viti viko wapi?"

"Viti gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Aa. Ile fomu." Hakuinua macho kutoka kwenye udongo. "Nilisahau kuirudisha."

"Umesahau? Wewe? Wewe uliyesimama posta kuituma na suti ya msiba siku tunamzika baba?"

"Nimezeeka, Retha."

"Haya, kaa na uzee wako!"

Nikaondoka, na sikumsemesha tena kwa miaka mitano kasoro mwezi mmoja. Nayasema haya nikiwa nimesimama karibu na jeneza lake, na aibu ninayo. Kanisani nilihamia benchi za upande wa kinanda. Kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani nilimkabidhi Nolene bakuli la pudini ya ndizi, Nolene akamkabidhi yeye, na tulikuwa tumekaa meza moja. Nikimuuliza wifi yangu mume wako ana nini, ananijibu, "Mimi simo. Kaulizane na kaka yako."

Mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Saluni walisema ni kwa sababu dereva aliyekuwa akimshangilia amestaafu. Kwenye duka la mbegu walisema ni zile sheria mpya za mbio. Wengine walidai hasira yake ni mashindano kuhamishiwa miji mikubwa isiyojua hata kukaanga soseji. Mchungaji wetu, ambaye yupo hapa na atanisamehe, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Garland amehamia upande wa Ford, mahasimu wetu wa miaka yote. Nilimjibu kwamba kaka yangu ana makosa lakini hajafika huko. Moyoni nilikuwa na jibu langu mwenyewe: kanichoka. Viti vilikuwa ndiyo mahali petu wawili, na mtu akitupa mahali penu bila kukwambia, amekutupa wewe. Hilo ndilo lililoniuma, magari yalikuwa kisingizio. Nikanunua kiti changu peke yangu, mstari wa arobaini, nikawa nakwenda kwa hasira.

Machi 2018 marehemu alilazwa siku tisa. Daktari alieleza kwamba moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na hautapona. Aliporudi nyumbani Nolene akanipigia simu. "Wifi, njoo Jumapili. Usilete maneno, lete chakula." Nikapeleka pai ya kuku. Ilikuwa saa ya mashindano, na runinga imezimwa. Tukala, tukazungumza habari za dawa na mvua, nikarudi kwangu. Jumapili iliyofuata nikaenda tena, na iliyofuata. Ilipofika Mei nikashindwa kujizuia.

"Kaka, naomba uniambie. Nilikukosea nini?"

"Wewe? Hukunikosea kitu."

"Basi ni nini? Ni zile sheria?"

Akasogeza mrija wa oksijeni puani, akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, tofauti na mimi.

"Watu wanataka iwe jambo moja," akasema. "Si jambo moja, Retha. Kwanza walistaafu wale tuliowajua, wakaja vijana wanaozungumza kana kwamba wanasoma tangazo la sabuni. Nikavumilia. Halafu magari yakafanana, ukitoa rangi hujui lipi ni la nani. Nikavumilia. Halafu pointi. Mtu anaongoza mwaka mzima, karibu na mwisho wanamwambia haya, tunaanza upya. Nilinung'unika, unakumbuka."

"Ulinung'unika safari nzima mpaka Virginia, na wote waliokuwa kwenye gari walikusikia."

"Ndiyo. Lakini nilivumilia. Sasa, vuli ile ya mwisho, nikaamka."

"Ukaamka wapi?"

"Kwenye kiti. Nililala! Magari arobaini yananguruma na mimi nakoroma. Na nilipoamka sikutaka kujua nani anaongoza. Zamani nikienda chooni nilikuwa narudi mbio nakuuliza. Siku ile nikaona hata wakiambiana waende nyumbani, kwangu sawa tu. Nilikuwa nimechukia mara nyingi, na ukichukia kitu bado unakitaka. Hii haikuwa chuki. Ilikuwa imekwisha."

"Si ungeniambia?"

"Nilikutazama. Umevaa hedifoni zako, umekaza macho kwenye kona. Nikasema, huyu nikimwambia nitamvunja moyo. Na kuna jingine. Tangu baba afariki, mimi na wewe tumezungumza nini zaidi ya magari? Niliogopa kwamba nikiyatoa, tutakuta chini yake hakuna kitu. Nikaona heri fomu ipotee, uniite mzee msahaulifu."

Nikaona haiwezekani, lazima niseme.

"Kaka, zile hedifoni."

"Zimefanya nini?"

"Nilikuwa nasikiliza kwaya. Nilikuwa na redio ndogo mfukoni."

"Siku ile?"

"Siku zote. Tangu mwaka 2006."

"Retha! Lile jicho lote kwenye kona?"

"Nilikuwa naimba sauti ya pili kimoyomoyo. Mimi magari yalinitoka zamani, kaka, kabla yako. Nilikuwa nakwenda kwa ajili yako."

Marehemu alicheka mpaka Nolene akaja mbio kutoka jikoni na taulo mkononi, akidhani amepaliwa. Mimi nilicheka hadi machozi. Alikuwa akiniangalia, anaanza upya, anasema "kwaya!", anashika kifua. Nolene alipoelezwa, akasema kwamba miaka yote alijua habari za wote wawili, na hakuna aliyemuuliza vizuri. Baadaye kicheko kikaisha.

"Miaka mitano, Retha," akasema.

"Miaka mitano, kaka."

Kuanzia siku hiyo tulipata miezi kumi na saba. Tulizungumza kila Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama, na chini ya yale magari tulikuta vitu vingi sana. Aliniambia kwa nini baba hakuimba kanisani hata siku moja. Aliniambia kuhusu msichana wa Ujerumani aliyemfundisha kupika viazi, na Nolene akasema kumbe. Nikamwambia mambo ya ndoa yangu ambayo sijamwambia mtu. Aliniuliza kama naogopa kufa, nikasema ndiyo, akasema hata yeye, tukala pudini. Nilikuwa nimeishi na kaka miaka sitini na kitu na sikuwa nimemjua hata nusu.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019, saa kumi na dakika kumi jioni, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alhamisi nilikuwa nimemsimamia kunywa supu, na nilipochukua koti langu akaniuliza, "Jumapili unakuja?" Nikamwambia nakuja. Jana ilikuwa Jumapili, na nilikwenda. Nolene alikuwa ameandaa sahani tatu kwa mazoea, na hatukuitoa ile ya tatu. Tulikaa mpaka jua likazama.

Ameacha mjane wake, Nolene. Watoto wake, Dwayne wa Raleigh na Marcella wa hapa Tarrow. Wakwe wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Na dada yake mmoja, mimi. Nawaomba radhi kwa urefu wa maneno yangu, ila limebaki moja. Siku ile tulicheka, na kicheko kikapita pale ambapo samahani ingetakiwa kupita, nami nikaona yamekwisha. Sikuwahi kulitamka. Nilifikiri Jumapili zipo. Basi nalitamka mbele ya kanisa lote: Garland, kaka yangu, nisamehe ile miaka mitano. Mungu akupokee, akupumzishe vyema.