Mwalimu Samadi na Bustani Nyuma ya Vyoo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Samadi, kwa jinsi alivyonuka samadi. Jina hilo hakulichukia. "Chekeni tu," aliwaambia. "Kesho mtaila ikiwa mchicha."

Nyuma ya vyoo vya shule palikuwa jalala. Akalisafisha, akalifanya bustani, na hapo ndipo alipofundishia. Siku moja vidukari walivamia mchicha. Watoto wakataka wapulizie dawa. "Subirini kwanza," akasema. "Tuone nani atakuja kuwala." Wakaja wadudu wekundu wenye madoa meusi. Watoto wakachuchumaa, wakatazama vidukari wakiliwa mmoja mmoja. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Mchicha uliopona ukapikwa darasani. Mama mmoja alituambia: "Binti yangu mboga alikuwa hataki hata kuiona. Siku hiyo karudi, ananifundisha mimi kwamba inaongeza damu!"

Lakini, wapendwa, mwalimu huyu alikuwa mpweke. Mumewe alifariki mapema. Mwanawe wa pekee alihamia mbali kikazi. Walimu wenzake walimtania, kisha wakamzoea, kisha wakamsahau. Chakula cha mchana alikula peke yake, kando ya matuta.

Mdogo wake alimsihi: "Dada, shule zikifungwa njoo ukae kwangu."

"Na nani atamwagilia?" akamjibu.

Aliwaomba wenzake wapeane zamu. Walikubali kwa mdomo. Likizo iliyopita alikwenda tena peke yake. Mlinzi wa shule alimwona kwa mbali. "Nilidhani ameinama anapalilia," alituambia. "Nikapita zangu. Niliporudi, bado yuko vilevile."

Moyo wake ulikuwa umesimama.

Msibani walimu walisimama mmoja baada ya mwingine, wakamsifu. Mwanawe akanivuta pembeni. "Hawa wote walikuwa wapi?" akaniuliza. Kisha, taratibu: "Na mimi je, nilikuwa wapi?"

Shule zilipofunguliwa, watoto walikimbilia bustanini. Mchicha ulikuwa umekauka wote. Hakuna aliyekuwa amemwagilia.

Kwa mwanawe, kwa mdogo wake, na kwenu wanafunzi wake, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nasi tujiulize: nani hapa karibu yetu anafanya peke yake kazi ya wote? Sifa zake tusiziweke akiba. Twende kwake leo, angali anaweza kutuitikia, "Karibuni."