Maisha ya Marcelino Kalinga na Baiskeli Iliyokokotwa

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kalinga, majirani wa Idodi, na ninyi mliosafiri tangu jana kutoka Mbeya, kamwene. Historia hii ilipangwa isomwe na shemeji yangu Anord, kwa kuwa mjane anatakiwa akae ndani alie, lakini nimemwomba Anord akae yeye, mimi nilisoma ngumbaru miaka miwili na herufi nazijua, na kuna maneno yanazunguka kwenye msiba huu tangu Ijumaa, kwamba Tumpe alimtangazia mume wake kifo kabla hajafa, ndiyo maana akafa. Tumpe ni mimi, basi nitasoma mwenyewe, na sauti ikikatika mnivumilie, naogopa, na sioni haya kusema kwamba naogopa.

Marehemu Marcelino Kalinga alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 hapa Idodi, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Bartolomeo Kalinga, mkulima, na mama Veronika, mfinyanzi wa vyungu, wote wametangulia, na katika hao saba waliobaki leo ni Anord na wifi yangu Paskalina, yule pale mbele mwenye kilemba kipya.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1962, akaishia darasa la nne, si kwa ujinga, bali shule ya kuendelea ilikuwa mbali na miguu ya mtoto ni miwili tu.

Mwaka 1971 alikwenda Mbeya, akapata kibarua cha kujenga reli, na kibarua kilipoisha mwaka 1975 akaingia kwa fundi baiskeli pale Mwanjelwa, mzee Alinanuswe, ambaye badala ya mshahara alimpa vyuma, leo fremu, kesho rimu, mwezi ujao mnyororo, hadi Marcelino akajiundia baiskeli yake mwenyewe, nyeusi, isiyofanana na ya mtu. Mimi nilikuwa nauza ndizi hatua kumi kutoka kwa fundi, siku ya kwanza akaniambia, "Dada, ndizi zako zimeiva kupita kiasi," nikamjibu, "Kama masikio yako, kaka," na watu wa Mwanjelwa wakacheka wiki nzima. Tulifunga ndoa takatifu Mbeya, Jumamosi tarehe 23 Aprili 1977, nami nikaacha Umoraviani wa kwetu nikawa Mkatoliki, jambo ambalo mama yangu hakulisamehe upesi.

Mwaka 1978 alinileta huku kwao. Mbeya hadi Iringa tulipanda basi, baiskeli juu ya paa, na Iringa hadi Idodi alinipakia kwenye keria, siku mbili za vumbi, kila mteremko nikifumba macho na kumng'ang'ania kiuno, nikaapa nikifika salama sitajifunza kuiendesha hiyo mashine, na sikujifunza hadi leo. Gari hatujawahi kuwa nalo, na si kwamba tulikuwa watakatifu, halikutokea tu, tukazoea, shamba, kanisa, mashine ya kusaga, zahanati, vyote tulivipima kwa pedali zake na kwa miguu yangu.

Mwaka 1979 parokia ilimwajiri kuwa tarishi, apeleke barua na matangazo vigangoni, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2011, na kwa kuwa simu hazikuwepo, watu wakawa wanamtuma pia habari za misiba. Hapa nawaeleza wageni wa Mbeya, wenyeji wanajua. Marcelino akileta salamu au barua, alikuja amepanda, kengele inalia hadi uani, lakini akileta kifo alishuka kwenye shamba la kwanza, akavua kofia, akaikokota baiskeli kimya kimya hadi mlangoni, ili mwenye msiba amwone kwa mbali na awahi kukaa chini kabla ya kusikia jina. Watu waliisifu sana heshima hiyo. Mimi niliyeishi naye nawaambia ilitisha, nilikuwa kila alasiri naangalia njia, na sikumwangalia uso mume wangu, nilimwangalia miguu, kama iko kwenye pedali au iko chini.

Mwaka 1991 alipata pancha karibu na kwa Masanja, jirani yetu Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe, na Marcelino akaikokota huku akili yake ikiwa kwenye solusheni na kiraka tu, kumbe Nyamizi, mke wa Masanja, ameshamwona, na mtoto wao Seni alikuwa mbali Usangu na mifugo, Nyamizi akatupa ndoo akaanguka chini analia Seni, Seni, majirani wakajaa, na Marcelino alipofika akasema, "Jamani, ni pancha," Masanja akamjia na fimbo, "Kalinga, unaniulia mtoto kwa sababu ya msumari?" Tangu siku hiyo baiskeli ikiharibika aliibeba begani, hata maili tano, hata kwenye matope, na hapo ikawa hakuna shaka tena kwa yeyote, baiskeli ya Kalinga ikikokotwa, kuna mtu amekufa.

Mungu alitujalia watoto watatu, Jofrey aliyezaliwa mwaka 1979, yuko Mwanjelwa anauza vipuri, Veronika wa mwaka 1982, na Anyitike wa mwaka 1986, niliyempa jina la kwetu. Anyitike alifariki kwa malaria akiwa shule ya bweni Iringa, tarehe 14 Agosti 2001, na baba yake ndiye aliyepewa habari. Nilikuwa shambani, nikamwona kwa mbali amevua kofia, anakokota, na njia aliyoshika haikuwa ya jirani, ilikuwa ya kwetu. Nikakimbia. Niliingia kwenye mabua ya mahindi nikajificha kama mwizi, nikidhani nisipopatikana habari itarudi ilikotoka, naye akaiangusha baiskeli chini akawa ananitafuta, anaita, "Mama Jofrey, toka, tafadhali toka," nami nimeziba masikio kwa viganja vyote viwili. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu.

Simu zilipokuja, bado wazee walimtaka Marcelino, wakasema simu haina adabu, na Jofrey alipomletea pikipiki mwaka 2014 aliirudisha, akamwambia, "Mwanangu, hii kitu inapiga kelele, mtu atanisikia kabla hajaniona."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na ngiri mwaka 2016, akaambiwa akatwe, akaahirisha, kila mwaka akisema baada ya mavuno, na mavuno hayaishi. Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 11 Machi 2025, saa moja asubuhi, tumbo lilimkaza likawa gumu kama ubao, akatapika kijani, na mtu ambaye miaka arobaini na nane hakuwahi kuniomba hata kikombe cha maji akaniambia, "Mama Jofrey, nipeleke." Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, sola haikupata jua, simu imezimika, bodaboda hazivuki korongo, na jirani wa karibu ni Masanja, mwendo wa saa nzima. Kulikuwa na baiskeli tu. Nilimkalisha kwenye keria, nikamfunga na khanga mbili kwenye siti asidondoke, yeye kalala kifua juu ya siti, mimi nimeshika usukani, tukaondoka nyumbani saa mbili na nusu.

Sikuweza kuibeba begani, mnaelewa, na kuipanda sijui. Niliikokota.

Tulilizunguka korongo kwa njia ya miguu, na tulipotokeza kwa Masanja, Nyamizi alituona, mwanamke anakokota baiskeli ya Kalinga na juu yake kuna mtu kalala amefungwa, akashika kichwa, akapiga yowe, na wenzake wakaitikia. Nikapayuka, "Yuko hai! Njooni mnisaidie!" lakini nani anamsikia mtu mmoja kwenye kilio cha watu kumi, wanaume wakaanza kutumana huku na huku, Makoye mtoto wa Masanja akatimua mbio kwenda Idodi kutangaza msiba, mwenye mbio kuliko wote, angeweza kwenda kutuitia gari akaenda kutuitia waombolezaji, na mimi nimekwama kwenye tope hadi kwenye vifundo, namshikilia mtu asianguke, na mtu mwenyewe anajisikia anavyoliliwa. Niliogopa kuliko siku ya mahindi. Nikamwangalia nikidhani wamenishinda, labda wameona kitu ambacho mimi sijakiona, labda kweli nimebeba maiti. Ndipo akafungua jicho akaniambia, "Mama Jofrey, piga kengele." Nikapiga, nikapiga hadi kidole gumba kikachubuka, na kilio kikakatika, mtu mmoja mmoja, Masanja akaja mbio kwa uzee wake wote, akashika usukani upande wa pili, akasema, "Kalinga, leo tena ni pancha?" Marcelino akajaribu kucheka, ikamuuma.

Barabarani dereva wa Noah, gari la abiria la kwenda Iringa, alikuwa ameshapata habari za Makoye, akakataa, "Bibi, mimi sibebi maiti, nina abiria," na marehemu, wakati huo si marehemu, akainua kichwa akamwambia, "Kijana, maiti inaomba siti ya mbele." Abiria wawili walishuka kwa woga, dereva akampa siti ya mbele. Tulifika Iringa saa nane mchana, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo, wakakuta utumbo umejisokota na sehemu imeoza, na Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa kwenye wangu.

Sasa wifi yangu Paskalina, ulisema kwenye kikao cha ukoo kwamba huyu Mnyakyusa alimkokota kaka yako kama msiba na msiba ukaitika. Nimekusikia, ukuta wa jikoni ni mwembamba. Unanilaumu kwa kukokota. Mimi nina lawama nyingine, na hiyo hukuijua, nakupa mwenyewe mbele ya kaka yako kwenye jeneza. Nimesoma hapa kwamba aliniomba saa moja, na tumetoka saa mbili na nusu, na katika kikao chenu chote hakuna aliyeuliza ile saa moja na nusu ilikwenda wapi. Kumfunga khanga hakuchukui saa moja na nusu. Nilisimama uani. Nilishika usukani nikaachia, nikaingia ndani nikatoka, nikachemsha maji ambayo hayakuwa na kazi, nikaenda kuangalia korongo ambalo nilijua limejaa, kwa sababu nilijua nikiikokota ile baiskeli nje ya boma itakuwa nini, kama wewe unavyojua, kama wote hapa mnavyojua, niliogopa alama, na mume wangu yuko ndani ananisubiri.

Nilimuuliza daktari, kama ningemfikisha mapema. Hakunidanganya, akasema, "Mama, sijui, labda ingesaidia, labda isingesaidia." Hiyo labda nitazeeka nayo, na uzee wenyewe nilishafika. Naogopa kulala nayo na naogopa kuamka nayo. Lakini ukoo ukitaka kunihukumu, unihukumu kwa kuchelewa, usinihukumu kwa kukokota, maana kukokota ndiko kulikomfikisha.

Na nina ombi kwenu nyote, si la mirathi. Heshima aliyoianzisha Marcelino ilikuwa ya mikono yake, na mikono hiyo leo tunaizika. Asiirithi mtu. Kuanzia leo, mkiona baiskeli inakokotwa, ya yeyote, msikae chini, msishike vichwa, kimbieni mkashike usukani upande wa pili, mkamuulize mwenyewe kuna nini mkiwa mnasukuma. Kulia kuna muda wake. Hata mimi leo ningeulizwa, ningeomba msukume kwanza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu saba. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Iringa, hasa yule aliyeniambia sijui, namshukuru Baba Paroko na wafanyakazi wa parokia waliomheshimu tarishi wao hadi leo, dereva wa Noah ambaye naona yuko pale nyuma amesimama, majirani wote, Masanja na Nyamizi, na wewe Makoye, inua uso, hukukosea zaidi yangu, wewe angalau ulikimbia.

Marcelino, mume wangu, kazi yako umeimaliza, mimi nabaki na yangu. Tulia kwa Mungu wako kwa amani.