Milango Saba ya Chumba cha Popo

Kila asubuhi, duka la mikate la Wirrabilla likishatoa pai za kwanza, benchi la nje lina wenyewe. Ni benchi refu la mbao lililogeukia kijito, na upande wake wa kulia hakai mtu, kwa sababu popo wakubwa wanaoning'inia kwenye mikaratusi ya kijitoni hawana adabu na choo chao ni popote. Mgeni huukalia upande huo mara moja tu katika maisha yake. Wenyeji hubanana upande wa kushoto na vikombe vyao vya kahawa ya maziwa, na ni watatu walewale: Mfupi, ambaye akisimama kichwa kinagonga kibao cha duka, Kimya, mama aliyepika kantini ya uwanja wa mbio za farasi miaka nenda rudi, na ambaye kwa wingi wa maneno hajawahi kumaliza kahawa ikiwa bado ya moto, na Kwato, aliyewapiga farasi wa wilaya nzima viatu vya chuma mpaka mgongo ulipomgomea. Majina yao ya kwenye vyeti wanayajua watu wa benki. Asubuhi hiyo hakuna aliyegusa habari za ukame wala za mpira wa Jumamosi. Kesho yake Kwato alikuwa aingie kikaoni chuo kikuu, ng'ambo ya kijito, na wenzake walikuwa na lao naye.

– Haya, mheshimiwa, – Kimya alianza, akipuliza kikombe. – Umeamka na ndiyo au umeamka na hapana?

– Nimeamka na mgongo.

– Usitukwepe bwana. Mji mzima unakusubiri wewe.

Hakutia chumvi sana. Chuo kilikuwa kimejenga chumba cha kuchunguzia ugonjwa wa popo, ule unaomrukia farasi, kisha farasi akampa mtu. Ulikuwa umezuka wa aina mpya, na chanjo ya farasi haikufua dafu mbele yake. Chumba kilikuwa kimekwisha, kitupu, kinangoja kibali. Kibali kilikuwa mikononi mwa kamati ya usalama, na kanuni zilitaka ndani ya kamati hiyo awemo mtu mmoja asiye wa chuo, asiyelipwa na chuo wala kutegemea lolote kwa chuo. Walimpata Kwato. Mwenyekiti, Dokta Fenwick, mama mkavu wa maneno, alishasema mbele ya wote kwamba kazi ya hatari namna hii hataipitisha kwa wingi wa kura. Mmoja tu akisema hapana, haianzi. Kwato alitamani mama yule angekuwa na msimamo mwepesi kidogo.

– Juzi si ulipelekwa ukaona? – Mfupi aliuliza. – Tuambie basi.

– Yaliyomo kwenye maombi yao siruhusiwi kusema.

– Nani kakuuliza maombi? Chumba. Umekiona hukukiona?

Kwato alikiona, na tangu akione hakuwa sawa. Alikuwa akikatiza sebule yake anasimama mbele ya mlango, anautazama, anasahau alikuwa anakwenda kuchukua nini.

– Kina milango saba, – akasema.

– Saba ya nini? Benki yenyewe ina mmoja.

– Saba, Mfupi. Unafungua wa kwanza, wa pili unagoma mpaka wa nyuma yako ujifunge. Nimeuvuta kwa mikono yote miwili, wala haukutikisika. Unavua kila kitu, hadi soksi. Unavaa vazi zima la mpira, wanalijaza hewa mpaka unavimba, na unapumua kwa bomba linaloshuka darini. Huingii peke yako, lazima muwe wawili. Kutoka unaoshwa wewe na vazi lako, unalivua, unaoga tena. Na yale maji uliyoogea hayaachwi yaende zake, yanachemshwa kwanza.

– Maji machafu ya kuogea yanachemshwa?

– Yanachemshwa kama supu, ndipo yanaruhusiwa kuondoka.

Mfupi alipiga mbinja ndogo. Kimya akaweka kikombe chake chini, ishara kwamba sasa anaingia kazini.

– Hapohapo ndipo ninapopashuku mimi. Mtu anaingia na nguo zake, saa yake, miwani yake. Anatoka hana hata soksi, kaoga mara mbili, kavalishwa vingine. Wewe utajuaje kwamba aliyetoka ndiye aliyeingia?

– Mke wake atajua.

– Mke! Mimi marehemu wangu alinyoa ndevu nikamkaribisha chai kama mgeni.

– Acha kamba, Kimya.

– Tuache hayo, – Mfupi akasema. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyelilalia swali hilo. – Tuseme mlango mmoja umeharibika. Mpira wake umechakaa, umebaki upenyo. Si kidudu cha ugonjwa kinatoka?

Hili ndilo lililokuwa limemkaa Kwato moyoni, na aliogopa kulisema vibaya.

– Nilimuuliza hivyohivyo Dokta Fenwick. Hakunijibu. Alitoa karatasi laini mfukoni, hii ya kufutia kamasi, akachana utepe mwembamba, akaupachika juu ya mlango uliokuwa wazi kidogo tu. Ukainama kwa ndani. Hakuna feni, hakuna dirisha, hakuna mtu aliyeupuliza. Uliinama tu, ukabaki hivyo. Hewa ya mle inaingia, Mfupi, haitokei mlangoni. Pakitoboka, panavuta. Inatolewa juu, kwa njia moja, na huko inapita kwenye vichujio viwili, kimoja kikishindwa kipo cha pili.

Alipinda kidole, kuonyesha ulivyoinama.

– Nimesimama kanisani, nimesimama mbele ya watoto wangu wakizaliwa. Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya kile kikaratasi. Nikafikiri, kuna mtu alikaa akawaza kila namna binadamu anavyoweza kukosea, akawa anaziba moja moja.

Huko mikaratusini popo wawili walikuwa wakigombea tawi, wanazomeana kama wapangaji.

– Lakini bwana, – Mfupi akajikohoza, – chumba kinachovuta hewa mchana na usiku, iko siku kitajaa. Tairi la trekta likizidishwa upepo umeliona linavyofanya? Tutaamka hapa milango yote saba iko juu ya paa la posta.

– Nimekwambia hewa inatoka juu.

– Kupasuka ni kidogo, – Kimya akadakia. – Wameyawasha yale mafeni lini kuyajaribu? Mwezi wa tatu. Mvua ya mwisho imenyesha lini hapa? Mwezi wa tatu. Nyie wanaume mnasoma magazeti ya nini? Wanavuta mawingu.

– Mawingu yapite kwenye upenyo wa mlango?

– Kidogo kidogo. Na popo wanajua. Zamani walikaa ng'ambo kule, sasa wote wamehamia huku. Unadhani bahati mbaya? Wamekaa kikao. Nao wana kamati yao.

– Na mjumbe wao wa kutoka nje ni nani? – Kwato aliuliza, akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

– Farasi, nani mwingine!

Neno lilikuwa limeshatoka. Kimya alimwangalia Kwato, akainamisha uso kwenye kikombe.

Masika yale, si ya mwaka huu, ya mwaka juzi, Kwato alikuwa na jike lake la farasi, Clementine, aliyependa kulala kivulini chini ya mtini wa malishoni, ambao popo huujia tini usiku. Asubuhi moja aligoma kula. Jioni akawa hawezi kusimama. Jua lilipotoka alikuwa amekwisha. Daktari aliyemhangaikia alikuwa Jodie, binti wa Mfupi, daktari wa mifugo wa mji, na majibu yaliporudi kuwa ni ule ugonjwa wa popo, Jodie alifungiwa nyumbani kwake majuma kadhaa kungoja kama na yeye umempata. Haukumpata. Lakini siku zote zile Mfupi aliegesha pikapu yake kwenye geti la binti yake, vioo vimefungwa, akimtazama dirishani. Chakula alikiweka kizingitini na kurudi garini kabla mlango haujafunguliwa. Hayo hayazungumzwi benchini.

– Niwaambie ukweli, – Kwato alisema. – Wangenionyesha mlango mmoja na kufuli, ningelala. Ningewaona wajinga, nikasema hapana, nikaenda zangu nyumbani. Hii saba ndiyo inayonitisha. Watu walioujua ugonjwa huu maisha yao yote wanauogopa kiasi kile. Mimi nani nisiuogope?

– Basi sema hapana, – Mfupi akasema. – Yaishe.

– Na bila kile chumba, dawa ya huu mpya itatafutiwa wapi?

– Wakatafute kwingine. Dunia kubwa.

– Mbona umeing'ang'ania hapana wewe? Wiki nzima hapana, hapana. Ulikuwa hata hujui kamati ni nini.

Mfupi alikizungusha kikombe mikononi. Mikono ilikuwa mikubwa, kikombe hakikuonekana.

– Jodie ameomba kazi mle, – akasema. – Wamempa. Wanangoja kibali tu. Atavaa hilo vazi lako la mpira, atapita hiyo milango yako saba, akakae na kile kitu chumba kimoja. Kwa hiari yake. Mwanangu ana akili nzuri kuliko mtu yeyote niliyemzaa, na ndivyo alivyoamua.

– Hukutuambia.

– Ningesemaje? Nilikaa kwenye ile gari, Kwato. Nikimwona anajaribu kucheka dirishani ili nisiogope. Siwezi kukaa tena. Tumejuana tangu shule, sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Kwato alikuwa amejiandaa kubishana na daktari, na profesa, na nafsi yake. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

Hapo ndipo gari lenye namba za jimbo jingine liliposimama mbele ya duka, vioo vyote chini. Akashuka mama wa makamo mwenye viatu vya shambani vilivyojaa vumbi. Alitembea moja kwa moja mpaka benchini, akakaa upande wa kulia. Kimya aliinua mkono kumwonya, lakini popo walishamwahi. Mama yule alijifuta begani kwa kiganja bila hata kutazama. Mawazo yake hayakuwa pale.

– Samahanini. Nimehamia wiki hii, lile shamba la barabara ya stesheni. Kliniki ya wanyama nimekuta imefungwa. Wanafungua saa ngapi?

– Lile lenye mitini? – Kwato aliuliza.

– Ndilo. Farasi wangu tangu jana jioni hataki kula. Leo anahema, na hatulii, anaegemea mguu huu, mara huu.

Kwato alikiweka kikombe chini taratibu.

– Umemshika?

– Nilimwita, hakuja. Nimemtazama nikiwa uani.

– Vizuri. Usimkaribie. Usiguse ndoo yake, usiguse mate yake. Mtu yeyote asivuke ule waya. Daktari tunaye, anaitwa Jodie. Atakuja.

Mama yule alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameelewa, na rangi ilimpotea usoni, lakini alikuwa mtu wa kupanga mambo.

– Mlikuwa mnazungumzia milango, – akasema. – Nimesikia nikiegesha.

– Ni chumba cha chuo, – Kimya alimweleza, na safari hii hakuongeza chochote. – Cha ugonjwa huohuo. Kina milango saba. Hewa inaingia, haitoki.

Mama alifikiri. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua aandae nini.

– Na huyo Jodie akija kwangu, atakuwa na milango mingapi?

Kwato aliyaona malisho ya barabara ya stesheni kama yako mbele yake: majani makavu, waya wa uzio, upepo unakwenda unakotaka. Aliyaona mengine pia, yake mwenyewe, na Jodie amepiga magoti karibu na kichwa cha Clementine akiwa na glavu na kitambaa cha uso, basi. Hakuna kamati iliyokutana asubuhi ile. Hakuna aliyeulizwa ndiyo au hapana. Alimgeukia Mfupi akakuta Mfupi ameshatoa simu.

– Jodie. Una farasi barabara ya stesheni, kwenye mitini. Ndiyo. Ndiyo, ugonjwa huo. Vaa kila kitu. Hata kama ni homa tu, vaa kila kitu, mwanangu. Na usimame upande unakotoka upepo. Sawa. Najua unajua.

Mama wa mitini alishasimama, anakimbilia gari lake akalinde geti. Kimya alimfuata mpaka dirishani, akimwelekeza njia ya mkato. Mfupi alibaki wima, kichwa chini ya kibao cha duka, simu bado mkononi. Popo walikuwa wametulia wote mchana ule mweupe, wamejifunika mbawa zao.

– Kikao chako kesho ni saa ngapi? – aliuliza.

– Saa nne.

Mfupi alikaa. Alikaa upande wa kulia, na hakuna aliyemwonya.

– Hebu niambie tena ule utepe.

Kwato alimwambia tena, polepole, tangu karatasi ilipotoka mfukoni mwa Dokta Fenwick.

– Uliinama kwa ndani?

– Kwa ndani.

– Ukabaki hivyo?

– Nilisimama pale mpaka Dokta akanishika mkono akasema twende. Nikageuka nyuma kuutazama. Ulikuwa bado umeinama.