Mama Dorika wa Redio ya Saa Moja

Padre wetu, wazazi, ndugu na waombolezaji wote. Anayesoma ni mimi, mwalimu Donatus Bujiku, mdogo wa marehemu Clemens, na kwa hiyo shemeji wa mama tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 20 Februari 1998. Familia imenituma nisome wasifu wake. Mengine niliyoandika humu familia haikunituma, nayo mtayatambua yakifika.

Salvina alizaliwa Ushirombo tarehe 12 Machi 1953, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na muhogo, akabatizwa akiwa na siku tisa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ushirombo na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Baadaye alifundishwa uhudumu wa afya na masista, na mwaka 1973 akaajiriwa kwenye zahanati ya misheni hapa kijijini kwetu. Aliitumikia hadi wiki tatu kabla ya kufa.

Tarehe 4 Oktoba 1975 alifunga ndoa na kaka yangu Clemens, wakajaliwa watoto wawili, Dorika na Agapiti. Kaka alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu. Maongezi ya nyumba ile yote yalikuwa ya mkewe.

Mwaka 1989 zahanati ilipata redio ya upepo, naye Salvina akakabidhiwa. Kila siku saa moja asubuhi vituo saba vilikutana hewani, kuanzia Songwa kule kwenye almasi hadi Geita, kuagiza dawa na kuomba gari la wagonjwa. Kazi ikiisha hawakuzima. Justa, muuguzi wa Songwa, alieleza jinsi mimba yake ya tatu ilivyoharibika. Fahim, mwenye duka la vipuri Kalangalala pale Geita, ambaye lori lake lilibeba dawa za misheni, alilia hewani mama yake Dolatkhanu alipofariki. Walikuwa na desturi yao. Jambo likiwa zito, hakuna aliyedakia kusema. Kila kituo kilibonyeza kitufe mara mbili kwa zamu, bila neno, kra-kra, maana yake tupo. Watu hao hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso.

Wala haikuwa misiba tu. Walilalamikiana pia kuhusu panya stoo, mishahara inayochelewa na mashemeji. Mwaka 1992 niliazima pampu yake ya baiskeli nikachelewa kuirudisha. Nakiri, nilichelewa miezi mitano. Siku moja nimefika Masumbwe, mtu nisiyemjua akanisimamisha: "Samahani mwalimu, wewe ndiye shemeji wa pampu?" Wiki mbili baadaye, ndani ya sanduku la dawa kutoka Songwa, ikaja pampu mpya imefungwa kwenye gazeti. Salvina alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Tarehe 9 Juni 1994 kaka Clemens alifukiwa na duara, shimo alimokuwa akichimba dhahabu huko Geita. Fahim ndiye aliyempa Salvina habari, kwa redio, kwa fumbo ambalo yeye tu angelielewa. Hapo shemeji yangu alifanya kosa. Kwetu habari ya kifo hubebwa na mtu. Huyo mtu aingie, akae, apewe maji, ndipo aseme, na mzazi aambiwe kwanza. Yeye alikuwa bado ameshika kipaza sauti, akawaambia wenzake palepale, "Clemens wangu amefukiwa." Baba yetu, Mzee Bujiku, alikuwa mnadani Masumbwe. Dereva mmoja aliyesikia redio akampa mkono wa pole. Baba akauliza, "Pole ya nini?" Alianguka mbele ya wauza ng'ombe. Mimi niliyetumwa kumwambia nilikuwa bado njiani na baiskeli.

Siku ya kuanua matanga nilimsimamisha Salvina mbele ya ukoo. Nikamwambia, "Shemeji, kuanzia leo ya nyumbani yaishie nyumbani. Redio ni ya dawa." Akajibu, "Nimesikia, shemeji." Na kweli alisikia. Kwa miaka karibu minne, kazi ikiisha, aliwaaga wenzake na kuzima. Nilijisifu kwa hilo, hata mbele za watu.

Mwezi Julai mwaka jana alianza kujifunga kanga kifuani hata kwenye joto kali. Ukimuuliza, amechoka tu. Dorika alipokuja kutoka Kahama mwezi uliopita kumuuguza, ndipo alipokiona kidonda kwenye titi la kushoto. Kufikia hapo mvua hizi zilikuwa zimekata barabara. Salvina alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 17 Februari, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na minne.

Jioni ile baba aliniita. "Donatus, kesho saa moja nenda ukawaambie wale wa redio. Nao wamefiwa."

Nikasema, "Baba, si wewe uliyeanguka kwa ajili ya redio hiyo?"

"Nilianguka," akasema. "Sikumfunga mtu mdomo."

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa zahanati. Sikuwa nimewahi kukishika kile kipaza sauti. "Mwangaluka," nikaamkia. "Hapa ni Donatus, shemeji wa Salvina. Salvina amefariki jana. Ova."

Ikaja sauti ya Justa: "Donatus wa pampu?" Nikasema ndiyo. Akaanza kulia, akaachia kitufe.

Kila Jumatano daktari wa hospitali kubwa huingia hewani kuzishauri zahanati. Alinipa pole, halafu akauliza: "Na yule mgonjwa wake, mama wa miaka arobaini na minne mwenye uvimbe titi la kushoto? Tangu Agosti namwambia amlete, gari nitatuma mimi. Kila Jumatano ananijibu kwamba familia haijatoa ruhusa. Sasa nani atamfuatilia? Ova."

Ndugu zangu, familia haikuombwa ruhusa yoyote ya hospitali. Ruhusa aliyokuwa akiingojea ni ya kusema yaliyompata, na aliyeizuia ni mimi. Nilibonyeza kitufe nikasema, "Daktari, mgonjwa ni yeye mwenyewe." Ova ilinishinda. Ndipo wakaanza, kra-kra, kra-kra, kituo kimoja baada ya kingine. Nilihesabu hadi vikatimia sita.

Justa na Fahim wako hapa leo. Walivuka kwa miguu pale daraja lilipobebwa na maji. Justa sikumjua kwa sura. Nilimjua alipompa baba shikamoo.

Salvina ameacha watoto wawili, Dorika na Agapiti, baba mkwe wake Mzee Bujiku, vituo sita vya redio, na shemeji mmoja aliyemnyamazisha. Kwa desturi ningemalizia kwa kumwombea pumziko la kimya. Kimya nilimpa tayari miaka minne, na ndicho kilichomuua.

Shemeji, ruhusa yako nimeileta. Nimechelewa tena. Upumzike kwa amani, na huko uliko, useme yote.