Kifua Chetu

Fundi saa alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele, ambako mshonaji wa makamo alikuwa akimwomba ushauri nesi aliyekutana naye humo humo kwenye basi. Joto limeanza, amepewa likizo ya wiki mbili, na hajui aende wapi.

"Nenda ziwani, dada," nesi alisema. "Kuna upepo mzuri."

"Ziwani hapana. Mbu watatumaliza."

"Basi milimani."

"Na baridi ile? Kifua chetu hakiiwezi."

Fundi saa akafumbua jicho moja. Kifua hicho kilikuwa cha watu wangapi?

"Kwani mko wangapi?" nesi akauliza.

"Mimi tu." Mshonaji aliikunja tiketi yake, akaikunjua. "Mwenye kifua alikuwa marehemu mume wangu. Hata hao mbu, ni yeye walikuwa wakimsumbua."

"Pole, dada. Na wewe mwenyewe unapenda wapi?"

Mshonaji alifikiri vituo viwili vizima. Fundi saa naye akangoja, hata kituo chake kikampita.

"Sijui, mdogo wangu. Sijawahi kujiuliza."

Kisha akachukua mkoba wake, akasogea mlangoni.

"Dereva, tushushe hapa," alisema, akashuka peke yake.